Utu na Unyama

Katika Kiswahili maneno mawili yamegawana tabia za mwanadamu kama warithi wagawanavyo shamba. Mtu akimnyima mgonjwa maji, au akimpiga mtoto hata akazimia, watu husema ametenda unyama. Mtu akimwokota mgeni njiani akamlaza nyumbani mwake, husemwa kuwa ana utu. Mgawanyo huu ni wa zamani, na kila mtoto huupokea pamoja na lugha kabla ya kutambua kuwa ndani yake mna hukumu. Hukumu yenyewe ni kwamba wema ni mali ya binadamu peke yake, na kwamba ukatili ni masalio ya mnyama aliyesalia ndani yake. Kwa muda wa karne moja na nusu mabingwa wa elimu ya viumbe wamekuwa wakiipima hukumu hii, ingawa wengi wao hawakujua hata neno moja la Kiswahili. Na yale waliyoyapata yanampasa msemaji wa lugha hii kuyatazama maneno yake mara ya pili.

Mwanzo wa uchunguzi huo ni kitabu ambacho Mwingereza Charles Darwin alikitoa mwaka 1871 juu ya asili ya binadamu. Miaka 12 kabla yake alikuwa ameeleza jinsi aina za viumbe zinavyogeuka kwa uteuzi wa maumbile: wale ambao maumbile yao yanawafaa zaidi mahali wanapoishi huacha watoto wengi zaidi, na watoto hurithi yaliyowafaa wazazi. Wasomaji kadhaa walikuwa tayari kukubali kuwa jicho, mkono na mfupa vingeweza kupatikana kwa njia hiyo. Lakini dhamiri je? Huruma ya mtu kwa asiyeweza kumlipa ingetoka wapi, ikiwa kila kiumbe kimo katika mashindano ya kuishi?

Darwin hakulikwepa swali. Alikusanya habari za wanyama kutoka kila upande wa dunia, na mojawapo ilitoka Uhabeshi, ambako msafiri wa Kijerumani, Alfred Brehm, alikutana na kundi kubwa la nyani likivuka bonde. Mbwa wa msafara waliwashambulia. Nyani wakapanda majabali wakaokoka, ila mtoto mmoja, wa umri wa miezi sita hivi, aliyebaki juu ya jiwe akilia huku amezungukwa. Ndipo dume mmoja mkubwa alipoteremka tena peke yake, akamwendea mtoto taratibu, akamtuliza, akamwongoza kutoka katikati ya mbwa, nao kwa mshangao hawakumgusa. Darwin aliiona habari hii kuwa na uzito kiasi cha kuirudia mwishoni mwa kitabu, akasema kuwa asingeona haya kutokana na nyani wa namna ile.

Juu ya habari kama hizo alijenga hoja yake. Mnyama yeyote aishiye kwa makundi, akiwa na mapenzi kwa watoto wake na kwa wenzake, angepata dhamiri mara tu akili yake itakapokua hata ikaribie akili ya binadamu. Alitoa mfano wa mbayuwayu. Msimu wa kuhama ukifika, tamaa ya safari humshinda ndege huyo hata akayaacha makinda yake yafe kiotoni. Akishafika nchi ya mbali, tamaa ile imekwisha. Na lau angekuwa na kumbukumbu ya kutosha, picha ya makinda wake katika baridi na njaa ingemjia kila siku. Kwa maoni ya Darwin, majuto hayo ndiyo dhamiri: pendo lidumulo humhukumu mtu kwa tamaa ya kitambo iliyompita. Kumbukumbu, lugha, hofu ya lawama na mazoea vikiongezwa juu ya pendo hilo, maadili huzaliwa.

Hata hivyo Darwin aliuona pia upande wa pili. Aliandika kuwa wako wanyama wamfukuzao mwenzao aliyejeruhiwa, au kumpiga pembe hata afe, na akaliita jambo hilo kuwa karibu ndilo jeusi kupita yote katika habari za maumbile. Alitambua kuwa huruma ya kundi huishia mpakani pa kundi. Tumaini lake lilikuwa kwamba makabila madogo yaliyoungana kuwa mataifa yangejifunza kuonea huruma watu wasiowajua, na kwamba baada ya hapo hakuna kizuizi cha kweli cha kuizuia huruma hiyo isiwafikie watu wa mataifa yote. Lakini katika kitabu hicho hicho alibashiri, pasipo maombolezo makubwa, kwamba watu aliowaita wastaarabu watawafuta duniani wale aliowaita washenzi. Mtu aliyeueleza mpaka wa huruma kwa ufasaha kupita wote wa zama zake alikuwa na mpaka wake mwenyewe, na neno lililouchora lilikuwa tayari katika lugha yake.

Pwani ya Afrika ya Mashariki haina haki ya kumcheka. Kitabu kile kilipotoka, soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilikuwa wazi bado. Lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza. Watu wa mji ule hawakuwa wakosefu wa huruma. Walikuwa na desturi za kumkirimu mgeni, za kuzika kwa ushirika, za kulea yatima wa jamaa. Walikuwa pia na neno mshenzi, walilompa mtu wa bara; na neno hilo lilitosha kumweka mtu upande wa pili wa ukuta, ambako desturi zile zote hazikumfikia.

Baada ya Darwin mabingwa waligawanyika. Rafiki yake Thomas Huxley, katika mhadhara alioutoa Oxford mwaka 1893, alisema maumbile hayana somo la maadili la kumfundisha mtu. Alimfananisha mwanadamu na mkulima wa bustani: bila ya jembe lake kila siku, magugu hurudi. Wema, kwa Huxley, ni kazi ya kushindana na maumbile, si ya kuyafuata. Maneno yake yalikuwa ya onyo, lakini zama zile walikuwapo watu wengi waliolipenda nusu ya kwanza tu ya hoja. Walisema, ikiwa maumbile ni vita, basi mwenye bunduki bora ana haki ya nchi ya mwenziwe. Kwa njia hii elimu ya viumbe ilivishwa joho la kadhi na kutumwa kuhalalisha utekaji wa nchi za watu, jambo ambalo Huxley hakulitaka wala hoja yake haikulibeba.

Aliyesimama kumpinga alikuwa Mrusi, Peter Kropotkin, mwana wa ukoo wa kifalme aliyeuacha utukufu wake. Kati ya mwaka 1862 na mwaka 1867 alitumikia na kusafiri Siberia. Alikuwa amekwisha kumsoma Darwin, akatafuta kwa macho yake vita vikali kati ya wanyama wa aina moja, wala hakuviona alivyovitazamia. Aliona baridi, theluji na njaa vikipigana na viumbe wote, na viumbe wakikusanyika ili waokoke. Huxley alipoandika mwaka 1888 kuwa maisha ya viumbe ni kama tamasha la mapigano ya magladieta, Kropotkin alimjibu kwa mfululizo wa makala, na makala hizo zikawa kitabu juu ya kusaidiana mwaka 1902. Kila mmoja wa watu hawa wawili alikuwa ameshika upande mmoja wa kitu kimoja. Kropotkin aliona ushirika akasahau kuuliza mipaka yake. Huxley aliona mapambano akasahau kuuliza ni nani wanaopambana bega kwa bega.

Ilibaki fumbo la hesabu. Mnyama ajitoaye kwa ajili ya mwenziwe hupunguza nafasi yake ya kuacha watoto. Basi tabia ya kujitoa haikufa vipi? Mwaka 1964 Mwingereza William Hamilton alionyesha kuwa ndugu hushiriki urithi mmoja wa mwili, hata anayemsaidia nduguye huusaidia urithi wake mwenyewe udumu katika mwili mwingine. Mwaka 1971 Mmarekani Robert Trivers akaongeza njia ya pili, ambayo kwa Kiswahili ni nipe nikupe: wasio ndugu wanaweza kusaidiana, mradi wanakutana mara kwa mara na kukumbukana. Mwaka 1984 ushahidi ulitolewa kutoka Costa Rica juu ya popo wanyonyao damu. Popo akikosa chakula siku mbili tatu hufa. Lakini mwenziwe aliyeshiba, anayelala naye pango moja, humtapikia sehemu ya damu yake, naye siku nyingine hulipwa.

Wako waliosikia habari hizi wakahuzunika, wakidhani kuwa wema umefunuliwa kuwa biashara. Huzuni hiyo inatokana na kuchanganya mambo mawili: sababu iliyoifanya tabia idumu katika vizazi, na nia iliyo moyoni mwa mwenye tabia. Mama anayekesha na mtoto mwenye homa hapigi hesabu ya urithi. Maumbile yaliipiga hesabu hiyo zamani. Kilichobaki kwa mama ni pendo tupu. Hata kima wameonyesha jambo hili. Mwaka 1964 huko Marekani kima walifundishwa kuvuta mnyororo ili wapate chakula, kisha mnyororo ukaunganishwa na umeme uliomchoma kima mwingine mbele ya macho yao. Wengi waliacha kuuvuta. Mmoja alikaa na njaa siku 5, na mwingine siku 12. Walioacha zaidi walikuwa wale waliomjua mwenzao, na wale waliokwisha kuonja umeme ule wenyewe. Katika jaribio lile aliyeuwasha umeme alikuwa binadamu.

Lakini wanyama waliofungwa vizimbani hawatoshi kuwa mashahidi. Ushahidi mkubwa ulipatikana ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Kigoma, mahali paitwapo Gombe. Jane Goodall alifika huko Julai 1960, akiwa ametumwa na Louis Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale aliyezaliwa Kabete, nchi ya Kenya. Kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa amekwisha kuona sokwe wakichokoa mchwa kichuguuni kwa vijiti walivyovitengeneza. Aliwapa sokwe majina, jambo lililowachukiza baadhi ya wataalamu, na kwa majina hayo maisha ya kila mmoja yaliweza kufuatwa toka utotoni hata kufa.

Mwaka 1987 maradhi ya mapafu yaliwaua sokwe kadhaa wa Gombe, na Mel, mtoto wa miaka mitatu hivi, akabaki bila ya mama wala ndugu mkubwa. Ilidhaniwa kuwa atakufa. Lakini Spindle, kijana wa miaka 12, asiye na udugu naye wa karibu, alimchukua. Alimbeba mgongoni, akamgawia chakula, akamlaza katika tundu lake usiku, na madume walipopandwa na hasira alikwenda kumtoa njiani mwao ingawa yeye mwenyewe alipigwa. Mama yake Spindle alikuwa amekufa katika maradhi yale yale. Mel aliishi.

Kama habari ya Gombe ingekwishia hapo, Kropotkin angekuwa ameshinda. Lakini mwaka 1966 maradhi ya kupooza yalipoingia, sokwe waliolemaa waliogopwa na wenzao, na baadhi yao walipigwa. Na miaka michache baadaye kundi moja kubwa liligawanyika: wachache walikwenda kukaa kusini, katika bonde la Kahama, na wengi wakabaki Kasakela. Januari 1974 Hilali Matama, mmoja wa Watanzania waliofanya kazi ya uchunguzi Gombe, alishuhudia kundi la Kasakela likimnyemelea Godi, dume wa Kahama aliyekuwa akila peke yake. Mmoja alimkandamiza chini, wengine wakampiga na kumuuma kwa dakika kumi hivi. Godi hakuonekana tena. Mwaka 1975 ilikuwa zamu ya Goliath, mzee aliyekuwa zamani mkuu wao wote. Ilipofika mwaka 1978 kundi la Kahama lilikuwa limekwisha. Walioua na waliouawa walikuwa wamekaa pamoja miaka mingi, wakichambuana manyoya na kula mti mmoja.

Walitokea waliodai kuwa vita vile vilisababishwa na ndizi ambazo watafiti waliwapa sokwe. Mwaka 2014 habari za makundi 18 ya sokwe katika Afrika zililinganishwa, ikaonekana kuwa mauaji ya namna hii hutokea hata mahali ambapo mtu hakuwalisha wala hakuuharibu msitu wao. Kwa hiyo utu na unyama vyote viwili vilikuwapo Gombe, katika wanyama wale wale. Ushirika uliowafanya madume wa Kasakela wapangane kimya msituni, kila mmoja akimtegemea mwenziwe, haukuwa tofauti na ule uliowafanya wachambuane manyoya jioni. Huruma na mpaka wake vilikua pamoja katika mti mmoja.

Mifupa ya watu wa kale inasema vivyo hivyo. Katika pango la Shanidar, kaskazini ya Iraki, mwaka 1957 yalipatikana mabaki ya mtu wa aina ya Neandertali, ambaye mkono wake mmoja ulikuwa umekauka na jicho lake moja yamkini limepofuka, na ambaye majeraha yake yalikuwa yamepona miaka mingi kabla ya kufa kwake. Kiwete huyo hangeishi bila ya wenzake kumlisha. Na huko Nataruk, magharibi ya Ziwa Turkana nchini Kenya, ilitangazwa mwaka 2016 kuwa yamepatikana mabaki ya watu 27 wa miaka 10,000 hivi iliyopita, baadhi yao wakiwa na alama za kupigwa na kuchomwa silaha. Miongoni mwao alikuwa mwanamke mja mzito, ambaye jinsi mifupa yake ilivyolala iliwafanya wachunguzi wafikiri kuwa alikuwa amefungwa mikono. Wako waliobisha juu ya baadhi ya majeraha hayo, lakini picha ya jumla inafanana na ya Gombe.

Swali lililobaki ni kama mpaka unaweza kusogezwa. Majibu mawili yalipatikana kwa viumbe wasiotazamiwa kuwa walimu. Mwaka 2011 katika Chuo Kikuu cha Chicago panya walionekana wakijifunza kufungua mlango ili kumtoa mwenzao aliyebanwa, hata palipokuwa na chokoleti ya kuwavuta kando. Mwaka 2014 ikaonekana kuwa panya mweupe hamsaidii panya wa rangi ngeni. Lakini akikaa na mmoja wa rangi hiyo, huwasaidia hata wageni wa aina yake. Na panya aliyelelewa tangu kuzaliwa na aina ngeni aliwasaidia wa aina hiyo, akawaacha wa aina yake mwenyewe ambao hakupata kuwaona. Wahenga wa Kiswahili walikwisha kusema kuwa udugu ni kufaana, si kufanana. Jibu la pili lilitoka Lola ya Bonobo, makao ya bonobo yatima karibu na Kinshasa. Mwaka 2013 ilielezwa kuwa bonobo wadogo waliolelewa na mama zao walikuwa wepesi zaidi kwenda kumkumbatia mwenzao aliyeumizwa kuliko wale ambao mama zao waliuawa. Aliyetulizwa hujua kutuliza.

Basi ingeonekana kuwa dawa ni rahisi: watu waishi pamoja na watoto walelewe vema, mpaka utasogea wenyewe. Historia hairuhusu faraja hiyo. Nchini Rwanda, mwaka 1994, watu waliosema lugha moja, waliooana na kuazimana majembe, waligeukiana, na katika muda wa siku mia hivi malaki ya watu wakauawa. Hawakuwa wageni kwa wageni. Kabla ya panga palitangulia neno: kwa miaka majirani Watutsi waliitwa inyenzi, yaani mende, na redio ikalirudia neno hilo kila siku hata masikio yakalizoea. Wako waliokataa kulipokea neno hilo, wakawaficha majirani darini na mashambani, na baadhi yao walikufa kwa sababu hiyo.

Hapa ndipo binadamu anapotengana na viumbe wengine wote waliotajwa. Huruma hakuivumbua, aliikuta, nayo ilikuwa nzee kuliko yeye. Mpaka nao aliukuta. Alichokiongeza ni neno, na neno linaweza kuufikisha mpaka kule ambako macho na mazoea hayangefika. Kwa neno mtu humwita ndugu yule asiyepata kumwona, naye akampelekea chakula ng'ambo ya bahari. Kwa neno pia humtoa jirani yake katika hesabu ya watu. Sokwe wa Kasakela hawakuwa na jina la kuwaita wenzao wa Kahama kabla ya kuwaua. Watu karibu siku zote huanza kwa jina: mshenzi, mende, mnyama.

Ndiyo sababu maneno utu na unyama yanahitaji uangalifu. Nyani wa Uhabeshi aliyeteremka katikati ya mbwa, na Spindle aliyembeba yatima, walitenda lile ambalo Kiswahili hukiita utu. Na watu wa Nataruk walioshika silaha hawakuacha kuwa watu walipozitumia. Kusema kuwa ukatili ni unyama humpa mtu faraja ya kufikiri kuwa si yeye aliyetenda, bali mnyama fulani aliyepita ndani yake. Zaidi ya hayo, aliyekwisha kuzoea kuliweka kila baya upande wa mnyama amekwisha kuandaa mahali pa kumweka mtu anayemchukia.

Lugha haifutwi kwa makala, na hakuna atakayewazuia watu kusema unyama pale wanapoona damu. Lakini neno utu lina elimu ambayo haijatumika yote. Halikufungwa na ukoo, wala kabila, wala dini; limetokana na mtu, basi, bila ya sifa nyingine. Wanaofundisha Kiswahili, wanaokiandika na wanaokisema redioni wamekabidhiwa neno hilo, na kila wanapompa mtu jina, huusogeza mpaka upande mmoja au wa pili.